Muulize Mwalimu: Bakuli la choo, mashimo ya Moiben na njia ya Misri

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu vitu vilivyotoka ardhini. Nadhani ni mvua. Ikinyesha vizuri huku kwetu mito inakata kingo, watu wanachimba misingi na vyoo, na mashamba yanatoa yaliyokuwa yamefichika. Waliotaka niwakadirie bei ya walichookota wasinisubiri. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia hapa Nakuru, udalali sijauanza.

Mwalimu, hujambo? Nilikuwa nachimba shimo la choo kwangu huku Njoro. Tulipofika kimo cha kifua, kijana wa kazi akagonga kitu akidhani ni mwamba. Kumbe ni bakuli la jiwe la kijivu, zito, limechongwa likachongeka. Kando yake palikuwa na mkaa na vipande vya mifupa. Mama watoto analitumia kunyweshea kuku. Juzi alikuja mtu na pikipiki kutoka mjini, akasema atanipa shilingi elfu tano, ila nisimwambie mtu. Nifanyeje?
*Mkulima, Njoro*

Sijambo, baba. Kwanza kuku watafutiwe sufuria kuukuu. Pili, choo kisimame. Unaniuliza kuhusu bakuli, lakini kilichoninyima usingizi ni ule mkaa na ile mifupa, na nakuomba uniambie kwamba hamkuvitupa.

Mwaka 1938, huko huko kwenu Njoro, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba pango kando ya mto. Walikuta mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa baada ya kufa, na pamoja nao mabakuli ya jiwe kama lako, michi ya jiwe, mawe ya kusagia na mamia ya shanga za mawe ya rangi. Walikuwa wafugaji walioishi miaka karibu 3,000 iliyopita. Moto uliowachoma uligeuza vitu vingine kuwa makaa, na kitu kikishakuwa kaa hakiozi, ndiyo maana mle pangoni kulibaki vipande vya vibuyu, kamba zilizosokotwa, na hata chombo cha mbao chenye nakshi. Hebu fikiria, kibuyu cha miaka 3,000! Mimi vibuyu vyangu viwili vimeliwa na panya tangu Krismasi.

Kwa hivyo bakuli lako lina ndugu. Lingine liko hapa Nakuru, kwenye kilima cha makavazi kiitwacho Hyrax Hill, ambako makaburi ya wafugaji wa zama hizo yalionyesha jambo ambalo wanafunzi wangu wa kike walilipenda: waliozikwa na mabakuli ni wanawake. Wataalamu hawajaacha kubishana yalikuwa ya kazi gani hasa. Wako wanaosema ya kusagia ngeu, ule udongo mwekundu wa kujipaka, na wako wanaosema ya chakula. Ubishi huo hauwezi kuamuliwa kwa bakuli lililosuguliwa kwa sabuni na waya, maana ushahidi ni uchafu ulioganda ndani yake. Mwambie mama aache kulisugua.

Sasa yule wa pikipiki. Mtu anayekuambia usimwambie mtu anaijua sheria kuliko wewe. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inasema kitu cha kale kikipatikana, aliyekipata atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba, aeleze ni mahali gani hasa na kilipatikana vipi. Kukiuza kimyakimya ni kosa, na mwenye kosa utakuwa wewe, kwa sababu yeye hana jina wala nambari uliyoiandika. Hata tukiweka sheria kando, elfu tano anazokupa ni za jiwe tupu. Akishalipeleka mjini, bakuli hilo ni mtoto aliyeokotwa sokoni asiyejua jina la mamaye. Lilikuwa kimo gani? Mkaa ulikuwa chini yake au juu? Mifupa ni ya mbuzi au ya mtu? Hayo unayajua wewe na huyo kijana wa kazi, na bado hamjayasahau.

Fanya hivi leo. Pima kwa kamba kutoka ukingo wa shimo hadi pale lilipokuwa, uandike. Piga picha kwa simu, weka jembe kando ya ukuta wa shimo ili ukubwa uonekane. Mkaa na mifupa vifunge kwa karatasi, si mfuko wa plastiki, maana plastiki inafanya unyevu ukae na kuvu ikaota. Halafu njoo Hyrax Hill uwaeleze watu wa makavazi pale. Najua unaogopa kwamba serikali itakunyang'anya shamba, wengi wanaofunika shimo usiku hufunika kwa hofu hiyo. Mabakuli ya namna hii yametoka katika mashamba mengi ya Bonde la Ufa na wenyewe wanaendelea kulima mahindi. Choo utachimba upande mwingine.

Mimi ni fundi wa mawe ya kujengea. Nilipita Kariandusi, pale penye zana za kale, nikaambiwa yale mashoka ya mawe yana miaka karibu milioni moja. Nani alikuwepo akihesabu? Au jiwe lina cheti cha kuzaliwa?
*Fundi, Gilgil*

Fundi, umeuliza swali zuri, na jibu litakufurahisha: jiwe lenyewe halipimwi. Yale mashoka meusi yanayong'aa ni obsidiani, kioo kilichotoka volkeno kikapoa. Ukipima umri wake utajua volkeno ililipuka lini. Hutajua mtu aliokota lini akaanza kuchonga.

Kinachopimwa ni majivu ya volkeno yaliyotanda chini na juu ya mashoka. Ndani ya majivu mna chembe zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Volkeno ikilipuka, joto linaifukuza gesi yote, hesabu inaanza sifuri. Majivu yakishapoa gesi inaanza kukusanyika upya, kwa mwendo unaojulikana. Mtaalamu anapima iliyokusanyika, anapata miaka. Safu ya chini ikisema hivi na ya juu ikisema vile, mashoka yaliyo katikati hayana pa kutorokea. Huku kwetu tunalalamika juu ya udongo wa majivu unaopasua nyumba, lakini ndio uliofanya Bonde la Ufa liwe mahali pa kuhesabia miaka duniani.

Mkaa na mifupa hupimwa kwa njia nyingine, ya kaboni 14, ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka 5,730. Ikifika miaka 50,000 hivi kilichobaki ni kidogo mno. Kwa hivyo njia hiyo inamfaa mkulima wa Njoro, haifai Kariandusi. Umeona sasa kwa nini nilimfokea kuhusu mkaa?

Ukirudi Kariandusi, ambako Louis Leakey alifika mwaka 1928, usimsikilize mwongoza wageni peke yake. Tazama makovu ya yale mashoka kwa jicho lako la ufundi. Aliyeyachonga aligonga upande huu, akageuza, akagonga upande ule, hadi makali yakakutana, na alijua pigo litapasua wapi kabla hajapiga. Wewe utaona mengi ambayo mimi na digrii yangu ya historia siyaoni. Ukiona, niandikie.

Je, ni kweli Hyrax Hill kuna dhahabu iliyozikwa? Nimeuziwa ramani.
*Msomaji, Nakuru Mjini*

Hakuna. Aliyekuuzia ramani ndiye aliyepata dhahabu.

Mwalimu, kwenye shamba la babu yangu Moiben kuna mashimo makubwa ya mviringo, kama kumi hivi, yameota nyasi. Vijana wamekuja na mashine ya kutafuta vyuma wakisema Wajerumani walificha mali humo wakati wa vita. Babu anasema ni ya Wasirikwa na tusiyaguse. Tuwape ruhusa?
*Mjukuu, Moiben*

Babu yuko sahihi, na msiwape ruhusa.

Wajerumani hawakutawala Uasin Gishu hata siku moja. Walikuwa Tanganyika. Makaburu walifika uwanda wenu na magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908, na mashimo hayo yalikuwepo zamani kabla yao. Wazee wa Kikalenjin wamesema siku zote kwamba ni ya Wasirikwa, watu wenye ng'ombe wengi waliokaa nyanda za juu kabla na wakati wa kuja kwa wengine. Wasomi ndio waliochelewa. Walioyaona mwanzoni walidhani watu waliishi shimoni. Hata Mary Leakey, alipochimba Hyrax Hill mwaka 1937 na 1938, aliyachukulia kuwa nyumba. Merrick Posnansky akachimba jingine hapa Lanet mwaka 1957. Miaka ya sitini ndipo John Sutton alipozunguka nyanda za magharibi, akachimba na kuwasikiliza wazee, akaonyesha kwamba shimo ni zizi la ng'ombe, na watu walilala katika vijumba vilivyojengwa ubavuni, milango ikiangalia zizini.

Nenda ukaangalie mwenyewe. Mashimo yamechimbwa kwenye mteremko, na mlango uko upande wa chini. Hiyo ni akili ya mfugaji: mvua ikinyesha, maji na matope ya mavi yanatelemka nje badala ya kujaa zizini. Mbele ya mlango utaona kichuguu kikubwa kimeota nyasi. Hicho ni samadi na matope waliyokuwa wakizoa, mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe waliolala humo hawaonekani kwa mbali, na mwizi wa mifugo lazima apite mlango mmoja mwembamba, mbele ya watu waliolala na mikuki hatua chache kutoka hapo. Wizi wa mifugo haukuanza na bunduki, mjukuu.

Na kichuguu hicho cha samadi ndiyo mali yenyewe, ingawa si ya kuuza. Mle mna vigae vya vyungu na mifupa iliyotupwa. Kwa kuchambua mifupa ya Hyrax Hill, meno na umri wa wanyama waliochinjwa, imejulikana kwamba Wasirikwa walifuga kwa ajili ya maziwa zaidi, na kondoo na mbuzi ndio waliochinjwa sana. Mashine ya hao vijana itawatolea misumari ya ua wa babu. Trekta ndiyo naiogopa zaidi yao. Ikipita misimu michache shimo linasawazika, na mashimo mengi ya nyanda zenu yamekwisha hivyo. Mnaweza kulima mkiyazunguka. Kondoo waacheni walishe humo, hawaharibu kitu. Na mkitaka mtu wa kuyaandikisha, makavazi ya Kitale hayako mbali nanyi.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Kisumu. Baba ni Mluo, mama ni Mbukusu. Nyanya upande wa mama husema walitoka Misri, na upande wa baba pia nimewahi kusikia hivyo. Nilipolisema darasani watu walicheka. Lakini kama si Misri, basi sisi tulikuwa na nini? Hakuna piramidi, hakuna mji. Nani mkweli?
*Mwanafunzi, Kisumu*

Marahaba, mwanangu. Waliocheka wakae chini, nitawafikia.

Anza na lugha, kwa sababu lugha haisahau mamaye. Lugha ya Misri ya kale iko katika ukoo mmoja na Kiarabu, Kisomali, Kiborana na Kihausa. Dholuo na Kikalenjin ni za ukoo wa Kiniloti, na Lubukusu ni ya Kibantu. Kama babu zako wangekuwa Wamisri waliohama na mizigo yao, wangebaki na maneno yao ya kuhesabu na ya viungo vya mwili. Hawakubaki nayo. Marehemu Profesa Bethwell Ogot aliwasikiliza wazee wa Nyanza kabla hawajatuacha, akaonyesha njia ya Waluo kutoka pande za Bahr el Ghazal, Sudan Kusini ya leo, hadi vilima vya Siaya, kiasi cha karne tano zilizopita. Kwa hivyo upande wa baba, mkono unaonyesha kaskazini, na kaskazini ni kweli. Kilichorefushwa ni safari. Kwa maoni yangu wamisionari walichangia: walipoleta Biblia, watu wakasoma habari za taifa lililotoka Misri na mifugo yake, na nani hakutaka kutoka pale? Upande wa mama kuna Elgon, kuna kuchanganyika na majirani wa kaskazini, na simulizi za majirani huolewa pamoja na mabinti zao. Nyanya hakudanganya. Alipokea na akakupa.

Tena njia yenyewe haikuwa rahisi. Mfalme Nero wa Roma, miaka ya 60 baada ya Kristo, alituma askari wapande Mto Nile hadi chanzo chake. Walirudi wakisema wamefika kwenye kinamasi kisichopitika kwa miguu wala kwa mashua kubwa, ambacho karibu kila mtu anakubali kuwa ni Sudd, huko Sudan Kusini. Na ukitaka piramidi, huhitaji hata kufika Misri: Sudan, nchi ya Wakushi, ina zaidi ya 200, na Mkushi Taharqa, mfalme wa kati ya 690 na 664 KK, aliitawala Misri pia.

Lakini swali lako la pili ndilo lililonichoma. Unasema hatukuwa na kitu. Umewahi kufika Siaya? Kuna mahali panaitwa Urewe. Kasisi mmoja wa Kianglikana, Arkidikoni (Archdeacon) Owen aliyehudumu Nyanza enzi za ukoloni, alikusanya huko vigae vya vyungu vyenye mistari mizuri na kitako chenye kibonyezo, utadhani mfinyanzi alibonyeza kidole udongo ukiwa mbichi. Mwaka 1948, Owen akiwa ameshafariki, vikatangazwa katika makala yenye jina lake pamoja na ya Mary na Louis Leakey. Baadaye vyungu vya aina hiyo vikapatikana Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, mahali ambapo watu wa kwanza wa Kibantu katika eneo la maziwa walilima na kuyeyusha chuma, vingine vya zaidi ya miaka 2,000. Mpaka leo, mtaalamu akikiokota Rwanda anakiita Urewe. Kijiji cha Siaya kimetoa jina kwa zama nzima za Afrika ya kati na mashariki, na wewe uliye Kisumu, safari ya matatu moja, unaniambia hatukuwa na kitu!

Halafu panda kwenda Migori, ukaone Thimlich Ohinga. Kuta za mawe zimepangwa bila saruji wala udongo, kimo kati ya mita 1.5 na 4.2, unene mita moja hadi tatu, zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Tangu mwaka 2018 ziko katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Wanaokaa karibu nazo leo ni Waluo, lakini jamii za Kibantu na za Kiniloti zote zilipitia humo na kukarabati kuta za waliotangulia. Kwa mtoto wa baba Mluo na mama Mbukusu, naona hapo ndipo pa kwenda kabla ya piramidi za Giza kule Misri.

Haya, sasa wanaweza kucheka.

Nauza mboga za kienyeji hapa Malaba. Wajukuu wangu wanasema kunde ni chakula cha kishamba, wanataka sukuma wiki na chipsi. Nimesikia kuna pango Teso walikopata kunde za kale. Ni kweli?
*Mama mboga, Malaba*

Ni kweli, mama, na ni jirani yako. Pango la Kakapel, chini ya Mlima Elgon, linajulikana zaidi kwa michoro yake ya ng'ombe na maumbo ya duara kwenye mwamba, na limekuwa mnara wa kitaifa tangu 2004. Lakini wanaakiolojia walichekecha udongo wa sakafu yake kwa maji, makaa yakaelea, na ndani ya makaa wakakuta mbegu zilizoungua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Kunde moja ilikuwa na miaka 2,300, mojawapo ya mazao ya kale kabisa ya kulimwa kuwahi kupimwa umri Afrika Mashariki. Juu yake, katika safu za karibuni zaidi, kulikuwa na mtama na wimbi, na hata njegere moja iliyoungua ikabaki nzima.

Michoro ni mizuri, sikatai, ila mimi ningesafiri kwa ajili ya ile kunde. Mtu alipika, ikaanguka jikoni, ikaungua, akafagia. Kwa ajali hiyo tunajua alikula nini. Waambie wajukuu sukuma wiki ni mgeni wa juzi aliyekuja na Wazungu, na chipsi ni mgeni aliyekuja nyuma yake. Kunde ndiye mwenye nyumba. Na usipunguze bei.

Wazungu wanachimba huku kwetu rasi ya Homa kila mwaka. Wanasema wamepata mawe ya mamilioni ya miaka Nyayanga. Vitu vinaenda Nairobi na sisi tunabaki na mashimo. Tunafaidi nini?
*Mvuvi, Homa Bay*

Ndugu yangu, sitakupoza kwa maneno matamu. Nitakuambia kwanza kilichopatikana, kwa sababu hata hilo sidhani kuna aliyekuja kuwaeleza vizuri ufukweni.

Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Thomas Plummer ilitangaza zana za mawe 330 kutoka Nyayanga, pamoja na mifupa ya wanyama 1,776. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Kabla ya hapo, zana za aina hiyo za kale zaidi zilikuwa za Ethiopia. Kulikuwa na viboko wasiopungua wawili waliochunwa kwa makali ya mawe, alama za kukata zipo kwenye mifupa. Nawe mvuvi unajua kiboko si mnyama wa kuchezea hata akiwa mzoga. Katikati ya mifupa kulikuwa na magego mawili ya Paranthropus, kiumbe wa ukoo wetu lakini si babu yetu, mwenye taya kubwa. Basi swali likazuka, na halijafungwa: je, ni babu zetu peke yao waliochonga mawe, au na huyu binamu alikuwa fundi? Tena mawe mengi hayakuwa ya hapo Nyayanga. Yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13. Mtu, au binamu wa mtu, alifikiria kesho.

Kuhusu kwenda Nairobi: vitu hivyo ni mali ya Kenya na vinahitaji chumba kikavu na kabati yenye kufuli, na hilo nalitetea. Afadhali Nairobi kuliko zamani. Fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa miaka karibu milioni 18 ambaye Mary Leakey alimpata Rusinga mwaka 1948, lilipelekwa Uingereza likakaa huko miaka mingi kabla ya kurudishwa. Lakini kwamba mtoto wa Homa Bay lazima apande basi usiku kucha kuona kilichotoka chini ya miguu yake, hapo niko upande wako kabisa. Nakala za plasta si ghali. Bango lenye picha na maelezo ya Dholuo na Kiswahili, pale mnapoanika omena, si ghali. Kaunti ina ofisi ya utalii na utamaduni: nendeni na ombi hilo mahususi, bango na nakala, msiende na malalamiko ya jumla. Na watafiti wakirudi msimu ujao, waiteni kwenye baraza la chifu wajieleze. Mkiwaita hawana sababu ya kukataa.

Ziwa Nakuru lilitumeza Mwariki, tukahama na magodoro kichwani. Mzee mmoja akasema si mara ya kwanza, eti zamani maji yalifika Hyrax Hill. Ni hadithi tu? Na je, ni mahali pa kupeleka watoto?
*Mpangaji, zamani wa Mwariki*

Pole sana. Mzee wako ni sahihi kuliko anavyojua. Miaka 9,000 hadi 10,000 iliyopita, mvua za Afrika Mashariki zilikuwa nyingi mno, Ziwa Nakuru na Elmenteita zikawa ziwa moja, maji yakisimama karibu mita 180 juu ya kiwango cha sasa. Hyrax Hill ilikuwa imezungukwa na maji pande nyingi. Mahali ilipo stendi ya matatu palikuwa kina cha samaki. Watu waliishi ukingoni mwa ziwa hilo na walihama nalo, likipanda wanapanda, likishuka wanashuka. Hawakuwa na ploti wala hati, kwa hivyo walihama kwa uchungu mdogo kuliko wako.

Watoto wapeleke. Panda matatu ya kwenda Lanet, shuka penye kibao barabara kuu ya Nairobi, utembee kidogo. Nendeni asubuhi, jua la saa saba juu ya mwamba ule halina huruma, na beba maji. Jumba la makavazi ni dogo, lilikuwa nyumba ya mtu. Tazameni humo haraka mtoke nje, kwa sababu vitu vyenyewe viko nje: makaburi, mazizi ya Wasirikwa, na kule juu ukuta wa mawe ambako utaliona ziwa lililomeza nyumba yako, na pimbi wakiota jua bila kujali mtu.

Halafu waonyeshe bao lililochongwa kwenye mwamba. Watoto watataka kucheza. Mwombeni mlinzi ruhusa, na bebeni kete zenu kutoka nyumbani, maharagwe yanatosha, msiokote vijiwe vya pale. Mara ya mwisho nilipokuwa huko nilifungwa na msichana wa darasa la tano kutoka Bahati, na hakuona haya hata kidogo.